Mali Kauli: Nani Hushika Kalamu ya Mkopaji?

Pwani ya Afrika Mashariki ina neno la biashara ambalo mshairi angaliona fahari kulitunga: mali kauli. Maana yake ni bidhaa anayopewa mtu bila ya kulipa kitu, aende nayo, aiuze, kisha arejeshe thamani yake siku ya ahadi. Kinachobaki kwa mwenye mali si fedha wala rehani, ni neno la mtu. Neno hilo limewekwa ubavuni mwa mali bila ya kiungo baina yao, kana kwamba viwili hivyo vina uzani mmoja.

Lugha yetu ina mengine ya namna hiyo. Amana, imani na kuamini ni watoto wa shina moja la Kiarabu. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani nao, katika neno lao la mkopo, wamehifadhi kitenzi cha Kilatini credere, ambacho maana yake ni kuamini. Hata hivyo Kiswahili hakikuwa na imani tupu. Kamusi za zamani zinalipa neno mkopi maana mbili: mtu anayekopa, na mtu anayehadaa. Baina ya mali kauli na mkopi ndipo ilipo historia nzima ya mkopo. Mtu ni yuleyule mmoja. Huaminiwa na hushukiwa kwa wakati mmoja, na anayeamua ni yule aliyeshika daftari.

Leo, katika zama za kadi za benki na mikopo ya simu, watu huzungumzia kulijenga jina la mkopo na kulitengeneza likiharibika, kama kwamba ni jambo lililozaliwa jana. Jambo lenyewe ni la kale. Lililobadilika ni mwenye kushika kalamu, na haki aliyonayo yule anayeandikwa.

Kwa Waislamu wa pwani kuandika deni hakukuwa alama ya kutoaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu jambo hilihili. Inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na maneno ya kuandikwa yasemwe na yule anayedaiwa. Msomaji alitazame vyema sharti hilo la mwisho. Mwenye nguvu ni mdai, lakini kauli inayoingia katika karatasi ni ya mdaiwa, maana ndiye anayejifunga. Aya ya 280, mbili kabla yake, imeshaagiza kwamba aliyekwama apewe muhula mpaka apate wasaa. Nyaraka za madeni za Unguja ya karne ya 19 zilifuata desturi hiyo: ziliandikwa kwa namna ya ikirari, fulani bin fulani akikiri kwamba anadaiwa kiasi fulani na fulani, hadi muda fulani.

Na Unguja ya karne hiyo iliishi kwa mkopo. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi wa kwanza wa nchi hiyo. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani, nazo zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Reale ya fedha ya Maria Theresa ilitumika, lakini haikutosha kuizungusha biashara yote ile. Mfanyabiashara wa Salem aliiacha bidhaa yake kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch aliyekodi forodha ya Unguja, akalipwa baada ya miezi. Nyumba hiyo, na Wahindi wengine, wakawapa Waarabu na Waswahili mali kauli. Hao wakavuka hadi Bagamoyo, wakapanda Tabora na Ujiji, wakaingia Manyema. Kitambaa kilichofumwa Massachusetts kilifika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kikiwa bado hakijalipwa na mtu yeyote katika mlolongo huo.

Hata kiti cha enzi hakikuwa nje ya daftari. Aliyekodi forodha alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, naye huyohuyo ndiye aliyemkopesha Sultani alipopungukiwa. Seyyid Majid alipofariki mwaka 1870 aliiacha serikali yake na deni kubwa kwa nyumba ya Jairam.

Mkopaji mashuhuri kuliko wote wa zama hizo ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip. Alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837, akafa Mji Mkongwe mwaka 1905, na akayasimulia maisha yake kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Anayekifungua kitabu hicho akitaraji vita na pembe atavikuta, lakini atakuta na madeni pia. Alianza na bidhaa za kiasi. Jina lake lilipokua, Taria Topan, Khoja Ismailia na tajiri mkubwa wa mji, akawa mfadhili wake mkuu. Safari yake ya tatu ya bara ilianza kiasi cha mwaka 1870, na hakuiona tena Unguja mpaka 1882.

Miaka 12 ni muda mrefu kwa mdai kungoja. Taria hakuwa na hakimu wala askari wa kumfuata mtu aliyeko Manyema. Alikuwa na mambo mawili tu. La kwanza ni habari: kila msafara ulioshuka pwani ulikuja na barua na masimulizi, nani amefanikiwa, nani amefilisika, nani amekufa, nani amejificha. La pili ni haja: mwenye pembe alihitaji soko, na soko lilikuwa Unguja, kwa watu walewale aliowaacha na deni lao. Aliyevunja kauli yake alijifungia njia ya kurudi. Hivyo ndivyo jina lilivyojengwa. Mtu alikopa kidogo, akalipa, akakopa zaidi; na mgeni asiye na historia aliingia kwa dhamana ya aliye nayo. Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, hakukuta fedha alizozitarajia kutoka kwa mwenye gazeti lake. Aliyemsimamia hadi akapata vya kuanzia safari ni balozi wa Marekani, Francis Webb. Hata mpelelezi alihitaji mdhamini.

Isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za wema. Mlolongo ule wa imani ulikuwa na watu chini yake ambao kauli zao hazikuulizwa. Pembe nyingi zilipatikana kwa mtutu, na binadamu walihesabiwa katika mali. Katika njaa kubwa ya 1884, Wamijikenda wa nyuma ya Mombasa waliwaweka jamaa zao rehani kwa chakula, na wengi wa waliowekwa hawakukombolewa. Daftari la mkopo halikumwona kila mtu kuwa ni mtu.

Kwenye mashamba ya karafuu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Riba ni haramu katika sheria ya Kiislamu, na mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno. Wakatumia bei khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti la kuwa na hiari ya kulirejesha ndani ya muda waliokubaliana. Papo hapo akalikodi shamba lilelile, akabaki chini ya mikarafuu yake na kulipa kodi. Kwa jina kodi haikuwa riba, ila ilifanya kazi ya riba. Maadamu karafuu ilikuwa na bei, hiari ilikuwa na maana. Kisha ikaja dhoruba ya Aprili 1872 iliyoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Likaja tangazo la 1897 la kukomesha utumwa, lililobadilisha hesabu yote ya vibarua. Na baada ya 1929 ukaja mdororo wa dunia ulioiangusha bei. Madeni yakarithiwa pamoja na mashamba, mtoto akikiri alichokopa babu.

Serikali ya Waingereza iliagiza uchunguzi, na ripoti ya Bartlett na Last juu ya madeni ya wakulima ikatolewa katika miaka ya 1933 na 1934. Mwaka 1934 zikapitishwa sheria kadhaa kwa pamoja. Moja ilisitisha kwa muda udai wa madeni ya mashamba. Nyingine ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu wa kabila jingine bila ya idhini ya Mkaazi Mwingereza. Ya tatu iliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho mwaka 1937 kilipewa peke yake haki ya kununua karafuu kwa mkulima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu, na Chama cha Congress cha India kikawaunga mkono kwa kuwahimiza Wahindi wasiinunue karafuu ya Unguja, mpaka yakafikiwa maafikiano mwaka 1938.

Sheria hizo ziliwaokoa wengi wasipoteze ardhi, na haki yao hiyo wapewe. Lakini zilileta jambo jipya: jina la mkopaji halikupimwa tena kwa mwenendo wake. Lilipimwa kwa kabila lake. Bara jambo hilo lilikuwa dhahiri zaidi. Tanganyika ilipitisha mwaka 1931 sheria ya kuwazuilia Waafrika mikopo, ambayo kwayo asiye Mwafrika hakuweza kudai mahakamani deni alilompa Mwafrika isipokuwa liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Kenya nayo, kwa sheria ya 1948, ililiwekea sharti kama hilo kila deni lililopita shilingi 200. Ilisemwa kwamba nia ni kumlinda Mwafrika asitumbukizwe katika madeni. Matokeo yake ni kwamba fundi, mwenye duka au mkulima mwerevu wa Kiafrika alikwenda kwa muuzaji wa jumla na kauli yake, akaambiwa kauli hiyo haina nguvu ya kisheria. Biashara yake ikabaki na kimo cha fedha iliyomo mfukoni. Mpaka sheria hizo zinafutwa, karibu na uhuru, kizazi kizima kilikuwa kimenyimwa nafasi ya kujijengea jina. Pengo la namna hiyo haliandikwi popote, kwani daftari huhifadhi madeni yaliyotolewa. Yaliyokataliwa hayana ukurasa.

Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilikuwa ya serikali na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Rehani za zamani zikafika mwisho wake, na shamba likaacha kuwa kitu cha kupeleka kwa tajiri siku ya shida.

Wakati meli za Salem zilipokuwa zikishusha merikani Unguja, huko New York lilikuwa linazaliwa daftari la aina nyingine. Lewis Tappan, mfanyabiashara wa hariri na adui mkubwa wa utumwa, aliona nyumba ya biashara ya nduguye ikianguka katika msukosuko wa 1837 kwa sababu wateja wa mbali hawakuweza kulipa. Mwaka 1841 alianzisha ofisi ya habari za wakopaji. Mawakala wake miji yote, wengi wao mawakili, walimwandikia juu ya kila mwenye duka: ana mali gani, analipa vipi, ni mlevi au mcha Mungu, mkewe ametoka nyumba ipi. Habari zikaingizwa katika majuzuu makubwa, na waliolipa ada wakasomewa. Aliyeandikwa hakusomewa. Taria Topan alisikia habari za watu wake kutoka kwa misafara, lakini mtu huyohuyo aliweza kuja barazani kwake akajitetea. Katika daftari la Tappan mdaiwa hakuwa na kauli.

Karne moja baadaye ikaja kadi. Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakaazi wa Fresno, California, kadi 60,000 ambazo hawakuziomba. Kadi hiyo baadaye ikaitwa Visa. Benki ilitarajia kwamba asilimia 4 ya madeni yangechelewa kulipwa. Yakafika asilimia 22. Kumjua kila mkopaji kwa sura kulikuwa kumeshindikana, na kumwamini kila mtu kumeleta hasara. Jibu lilitoka kwa mhandisi na mwanahisabati, Bill Fair na Earl Isaac, walioanzisha kampuni yao mwaka 1956 ili imani igeuzwe kuwa hesabu. Mwaka 1989 ikatoka alama yao ya jumla, inayoanzia 300 hadi 850, na mtu mzima na historia yake akawa tarakimu tatu.

Hesabu hiyo ikichunguzwa, inafanana ajabu na busara ya wazee wa forodhani. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 35, ni kama mtu amelipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi anachodaiwa kikilinganishwa na kikomo alichopewa. Asilimia 15 ni umri wa historia yake. Zilizobaki ni mikopo mipya aliyoiomba na aina za mikopo aliyonayo. Kwa hiyo anayetaka kulijenga jina huko Marekani hufanya alivyofanya Hamed bin Muhammad katika safari zake za mwanzo. Huchukua kidogo, hulipa chote siku yake, huacha nafasi kubwa baina ya deni na kikomo, na haendi milango kumi kwa wiki moja. Asiye na historia, au aliyeiharibu, hushauriwa achague kadi ya amana: huweka benki, mathalani, dola 300, akapewa kadi yenye kikomo hichohicho, na baada ya miezi ya kulipa vizuri hurejeshewa amana yake. Hiyo ni rehani iliyovaa nguo mpya. Aingiaye kwa kudhaminiwa na jamaa yake, akaandikwa katika kadi ya huyo jamaa, naye anapita mlango aliopita Stanley. Na atazamaye kadi kwa zawadi zake, bila ya kuuliza riba inayotozwa kwa salio lisilolipwa, anaangukia methali ya wahenga: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ila Wamarekani walijifunza jambo jingine kwa taabu, nalo halikutoka katika hesabu. Sheria ya 1970 ilimpa kila mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake na kuyapinga yakiwa ya uongo. Ikaweka pia mwisho wa kumbukumbu: habari mbaya kwa kawaida huondolewa baada ya miaka 7, na kufilisika baada ya 10. Sheria ya 1974 ikakataza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ya jinsia yake au ndoa yake. Kabla ya hapo mwanamke mwenye mshahara wake aliweza kutakiwa alete saini ya mumewe. Mwaka 1976 rangi na dini zikaongezwa. Ilichukua zaidi ya karne, tangu daftari la Tappan, mdaiwa kurejeshewa sehemu ya kauli yake.

Afrika Mashariki imelipokea daftari hilo kwa haraka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2008 zikatoka kanuni za ofisi za taarifa za mikopo, ambazo Wakenya wanaziita CRB, na ya kwanza ikapewa leseni mwaka 2010. Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 2012. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja M-Shwari, na mkopo ukaanza kuombwa na kutolewa kwa simu, usiku wa manane, bila ya mtu kumtazama mtu usoni. Watu ambao hawakupata kuingia benki wakapata jina la mkopo kwa mara ya kwanza, na wengi walilijua siku lilipokuwa limekwisha kuharibika. Kijana aliyesahau deni la shilingi mia kadhaa alikwenda kuomba kazi, akatakiwa cheti cha CRB, akakuta ameorodheshwa.

Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilikataza watu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, ikawafungia wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni mlango wa kupeleka majina ya watu. Mwaka 2022 ikaweka utaratibu wa kuyatengeneza majina yaliyoharibika: mabenki yakatakiwa kusamehe angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokwama, na mdaiwa apewe muda wa kulipa kilichobaki. Mamilioni ya Wakenya walihusika. Wapo waliolalamika kwamba ni kuwalea wasiolipa. Lakini muhula kwa aliyekwama ulikuwa sheria ya pwani hii kabla ya benki yoyote kujengwa, na aliyeuweka hakuona kwamba anaivunja heshima ya deni.

Upo bado upofu mmoja wa daftari jipya. Wanawake wa Unguja, Mombasa na Lamu wametia upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita, miaka na miaka. Kila wiki au kila mwezi kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja wao hupokea jumla. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenziwe wote bila ya waraka, na atalipa mpaka mzunguko uishe. Mama aliyecheza hivyo miaka 20 pasi na kukosa hata zamu moja ana jina ambalo Taria Topan angalilifungulia ghala. Akienda benki, mashine humwona hana historia. Wasiojulikana na wasioaminika huandikwa katika safu moja, kama lile neno la kale mkopi lilivyowaandika mwenye haja na mwenye hila.

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna historia itakayoitangua methali hiyo. Anayedaiwa naye ana wajibu wa kulijua daftari lake. Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila ya malipo. Akaisome kama alivyosomewa babu yake waraka mbele ya mashahidi kabla ya kuutia saini. Akikuta deni asilolijua, alipinge kwa maandishi, na akikuta la kweli, alikiri na kulilipa. Ikirari ya zamani ilikuwa na uzito kwa kuwa mdaiwa mwenyewe ndiye aliyeyatamka maneno yake, na mwandishi alilazimika kungoja mpaka amalize.